Gari la Kukaguliwa Liwe Ndilo Utakaloendesha

Koboko, Ijumaa

Mpwa wangu Rajabu,

Ujumbe wako umenifika. Wataka nikuombee kwa wenzangu wa gereji tairi nne nzuri, mtungi wa kuzimia moto na mkanda wa mbio, uvifunge kwenye Subaru yako siku ya ukaguzi wa mbio tu, kisha uvirudishe. Nakujibu mapema usije ukasubiri bure: siombi.

Mwaka 2015 serikali ya Uganda iliipa kampuni ya SGS kazi ya kukagua magari nchini. Watu wakalalamika, Bunge nalo likataka mkataba usitishwe. Tangu hapo mwenye gari dogo amezoea kuishi bila mtu wa kuchungulia chini ya gari lake. Ndiyo sababu ukaguzi wa mbio unawatia vijana hofu na kuwafundisha ujanja. Lakini mkaguzi akishaweka sahihi anabaki pale pale na kalamu yake. Anayeingia kwenye kona ni wewe.

Tuanze na keji, yale mabomba yanayomkinga dereva gari likipinduka. Umeniandikia kwamba fundi wa Arua amekuchomelea kwa bei nzuri. Muulize bomba lile alilitoa wapi. Kama ni bomba la maji, likatwe litolewe. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la magari, zinataka, kwa upinde mkuu ulio nyuma ya dereva, chuma kisicho na mshono, kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au 50 kwa 2. Bomba la maji gari likipinduka hujikunja na kukufuata kichwani. Huyo fundi simlaumu, kazi yake ni mageti na madirisha, tena anaifanya vizuri. Pale ambapo helmeti yako inaweza kugonga chuma, weka sponji ngumu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, si godoro.

Mkanda una lebo yenye tarehe. Lebo ikishapita mwaka wake, mkanda haufai hata uking'aa, maana jua letu hili hula nyuzi. Kamba za mabegani zishuke kidogo tu kuelekea nyuma. Ukizifunga sakafuni wima, ajali ikitokea zitakuvuta uti wa mgongo chini. Kiti cha alama ya 8855-1999 nacho huhesabiwa miaka 5 tangu kitengenezwe, kwa hiyo hicho ulichonunua mtumba kigeuze usome nyuma kabla hujajisifu.

Breki ndizo zinazoniogopesha zaidi. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa. Mafuta ya DOT 4 mapya huchemka kwenye nyuzi 230 au zaidi. Yakishalewa maji kiwango chake ni 155 tu, na kwenye mbio joto hilo hulifikia haraka. Hapo pedali inazama na gari halisimami. Mnapenda kusimulia Citroën SM ya Idi Amin, rais wa zamani, kwa kuwa kwao ni hapa. Gari lile lilikuwa na mafuta ya presha ya aina moja yakihudumia breki, usukani na springi. Sisi mafundi hatukushangaa mwendo wake, tulifikiria siku yatakapovuja.

Tairi zina tarakimu nne ubavuni: 3518 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2018. Soma za kwako. Betri ifungwe kwa chuma, isifungwe kwa mpira wa boda. Swichi ya kuzima umeme ifikiwe na mtu aliye nje, na ibandikwe ile pembetatu ya buluu yenye radi nyekundu.

Tena usiseme gari la mbio halihitaji indiketa. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda Safari Rally mwaka 1973 kwa Datsun 240Z, enzi ambazo mashindano yalipita barabara zenye mabasi na ng'ombe. Nawe utatoka Arua, Pakwach, Karuma hadi Kampala kwa barabara ya watu wote, na askari wa trafiki hatakuuliza muda wako wa kiwanjani. Taa, honi, namba, hendibreki, vyote vifanye kazi.

Fedha ulizotenga kwa turbo kubwa zitumie kununua mabomba ya keji, mkanda na mafuta ya breki. Turbo ingoje msimu ujao. Kabla hujalipa ada ya kushiriki, lete gari Koboko; lami ipo mpaka mlangoni. Tutalipandisha kwenye stendi, tutikise kila tairodi na kila bushi. Njoo nalo lilivyo, na tairi zako mwenyewe.

Mjomba wako