Kifundo cha Kushoto

Zile kamera za filamu ambazo mpigaji huona taswira mbili na kuzileta pamoja ili apate umbali, zina namba juu ambazo watu huziamini mno. Namba hizo huhesabu mivuto ya mkono, wala hazijui kama filamu imesogea. Shahidi wa kweli ni kifundo cha kurudishia filamu, upande wa kushoto. Kikaze polepole kwanza. Kisha ukivuta mkono nacho hakizunguki, filamu imesimama.

Muhula uliopita tulimuaga mpishi wetu mzee. Simu haturuhusiwi, na filamu ilikuwa moja tu, ya picha 36, katika kamera aliyoniachia babu. Jioni, kwenye namba 9, kifundo kikagoma, na mzee alikuwa aondoke kesho yake mchana.

Wenzangu wakasema nivute kwa nguvu. Nguvu ndiyo huchana vitundu! Usiku niliingia stoo isiyo na dirisha, nikafunika kamera kwa makoti mawili, nikaifungua kwa kupapasa. Kila picha hupita vitundu 8 pembeni mwa filamu. Baadhi vilikuwa vimechanika, na meno ya kigurudumu yalizunguka bure. Niliisogeza filamu kwa kidole hadi penye vitundu vizima, nikafunga.

Asubuhi kifundo kilizunguka. Filamu iliposafishwa mjini, picha moja tu ilikuwa na taswira zilizopandana: wachezaji wetu wa mpira, na juu yao sufuria kubwa ya ugali. Tulimpelekea mzee picha zote. Ametundika hiyo.