Umefika Wapi Sasa?

Unaujua huu mmea hata kama hujui jina lake. Uko kwa saluni, juu ya kioo. Uko benki, karibu na pale watu hupanga foleni. Uko kwa shangazi yako, umeshikiliwa kwa misumari midogo na kuzungushwa sebule nzima hadi ukafika juu ya picha ya harusi. Majani yake yana umbo la moyo, ya kijani yenye mabaka ya manjano. Wauzaji wa kando ya Ngong Road huuita "money plant", na wakikuona unasitasita wanakuongezea kwamba unaleta pesa na kusafisha hewa. Wanasayansi huuita Epipremnum aureum.

Kuhusu pesa sina ushahidi. Yale ya hewa yalienea baada ya majaribio ya NASA ya mwaka 1989, ambapo mimea ilifungiwa ndani ya visanduku visivyopitisha hewa. Nyumba yako si kisanduku. Ukifungua dirisha utabadilisha hewa kuliko mkebe mmoja wa majani. Nasema haya mapema ili ujue sikuuweka ndani kwa sababu hizo.

Niliachiwa na dada yangu.

Alienda Riyadh kufanya kazi za nyumbani, kandarasi ya miaka miwili. Binti yake, aliyekuwa na miaka minne, alimpeleka kwa mama yetu Bungoma. Godoro na meko ya gesi akauza. Mmea akaniletea kwa bedsita yangu Kahawa West, ndani ya mkebe wa Kimbo uliotobolewa chini kwa msumari. Ulikuwa na majani saba.

"Usiumwagie maji kabla udongo haujakauka," akaniambia. "Ingiza kidole. Kikitoka na matope, achana nao."

Hayo ndiyo maagizo aliyoniachia. Kuhusu yeye mwenyewe hakuacha maagizo.

Na kweli, huu si mmea wa kubembelezwa. Dirisha langu linatazama ukuta wa ploti nyingine, mwanga mzuri unaingia kuanzia kama saa tano hadi saa nane. Unatosha. Jua kali la moja kwa moja lingechoma majani. Giza nalo hufuta yale mabaka ya manjano, kwa sababu jani likikosa mwanga huongeza kijani ili livune hicho kidogo kilichopo. Kinachoua wengi ni maji. Mizizi inahitaji kupumua, na udongo ukikaa umelowa, inaoza huku majani yakigeuka manjano. Hapo mimi na mfereji wa ploti yetu tunaelewana, maana maji yenyewe huja Jumanne na Ijumaa. Juni na Julai, baridi ikiingia Nairobi, ukuaji hupungua. Hutakiwi kufanya chochote. Unangoja tu.

Dada hupiga simu Jumapili usiku, watoto wa madam wakishalala. Saa za Riyadh na za Nairobi ni zilezile, kwa hivyo siwezi kujidanganya kuhusu urefu wa siku yake. Swali la kwanza huwa lilelile.

"Umefika wapi sasa?"

Nageuza kamera. Umefika kwa swichi. Umepita tivi. Umegusa kabati. Tunaongea kuhusu jani moja dakika tano nzima, kisha ndipo anauliza, "Na mtoto?" Siku zingine mtandao hukatika papo hapo, na sote wawili tunajua si mtandao. Nilizoea kutomtaja mtoto kwanza. Acha tuanze na majani.

Pasipoti yake iko kwa ajenti. Siku ya mapumziko aliyoahidiwa kwa karatasi hakuiona. Haya hakuniambia, niliyaokota. Wakati mmoja nilimuuliza huwa anaenda wapi siku ya ofu, akanijibu, "Lile jani lililokuwa limekunjana, lilifunguka?"

Karibu mwaka ukiisha, akanitumia picha. Kwenye sebule ya madam kulikuwa na nguzo iliyofungwa nyuzi za nazi, na juu yake mmea umepanda hadi karibu na dari, majani makubwa kama sahani.

"Huu ni ule wetu ama ni mwingine?"

Usiku huo nilisoma hadi saa nane. Mmea huu asili yake ni Mo'orea, kisiwa cha Polinesia ya Ufaransa katika bahari ya Pasifiki. Na haupendi kutoa maua. Kati ya mimea inayofugwa na watu, mara ya mwisho kuripotiwa umechanua wenyewe ni 1964. Mwaka 2016 watafiti walieleza kwa nini: una hitilafu katika jeni inayohusika na kutengeneza jiberelini, homoni ambayo huuamrisha kuchanua. Walipounyunyizia homoni hiyo, ukachanua. Bila maua hakuna mbegu. Kwa hivyo ule wa saluni, wa benki na wa shangazi, kila mmoja ulianza kama kipande ambacho mtu alikata akampa mwenzake.

Nikamwambia dada: huenda ni uleule. Tofauti ni kwamba wetu unaning'inia, na ukining'inia majani hubaki madogo. Ukipata kitu cha kupanda, hushika kwa mizizi ya hewani na majani yanapanuka.

"Kwa hivyo wa madam si wa bei?"

"Zii. Umepewa nguzo tu."

Akacheka. "Na ni mimi huupangusa vumbi, jani kwa jani, kila Alhamisi."

Mwaka wa pili mmea ulipofika mlangoni, nikaukata. Unatafuta kifundo, pale penye uvimbe mdogo wa kahawia kwenye shina, unakata chini yake kidogo. Kifundo kiingie majini, jani libaki nje. Ukiubadilishia maji kila wiki, baada ya majuma mawili hivi, wakati mwingine zaidi, utaona mizizi myeupe. Kipande kimoja nikakifunga kwa gazeti lenye unyevu, nikakitia ndani ya pakiti ya unga, tukapanda basi la usiku kwenda Bungoma.

Nilimwonya mama kwamba una fuwele za kalsiamu oksaleti, ukitafunwa unachoma mdomo, kwa hivyo usikae karibu na mbuzi wala mtoto asiutie mdomoni.

"Kwani ni wa nini basi, kama hauliwi?" akauliza. Lakini alirarua kipande cha leso kuukuu, akaufunga kwenye nguzo ya veranda, kwenye kivuli, mbali na mbuzi.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu mpwa wangu. Sasa ana miaka sita. Kwa muda mrefu alikataa kuongea na "mama wa simu". Angesalimia kwa sababu kukhu yake amemwambia asalimie, kisha anarudisha simu na kukimbilia nje. Dada alikuwa akisema ni sawa, ni mtoto. Kisha hangepiga wiki hiyo yote.

Mmea ulimpa mtoto kitu cha kuripoti. Jumapili ya tatu alishika simu mwenyewe. "Umeshika mbao," akasema. "Umenifika hapa." Akaonyesha bega. Mwezi uliofuata ulimfika kwenye sikio, na jani jipya lilikuwa pana kuliko kiganja chake. Aliweka kiganja juu ya jani, mbele ya kamera, ili mama aone.

Kandarasi inaisha baada ya miezi mitatu. Madam anataka mwaka mmoja zaidi, mshahara uongezwe kidogo. Karo inahitajika, dawa za mama za presha zinahitajika, na mimi sina ushauri wa kumpa mtu ambaye pesa zake ndizo hulipa vitu hivyo.

Jumapili iliyopita nilikuwa Bungoma. Dada akapiga, akauliza swali lake la kila siku, umefika wapi sasa. Mtoto alitazama nguzo, akatazama simu.

"Kwani unakuja lini uone?"

Mtandao siku hiyo ulikuwa mzuri. Tulimwona vizuri kabisa, na sote tukangoja.