ABS Si Sifuri

Wenzangu wa Elimu, hasa mnaosoma Hisabati na TEHAMA, nadhani mnakumbuka mwaka wa kwanza tulivyoanza kujifunza programu kwa BASIC. Darasa zima lilinung'unika. Watu walikuwa wameshaangalia video za Python mtandaoni, halafu mhadhiri anatuletea lugha ambayo mistari yake ina namba, 10, 20, 30, kama maswali ya mtihani. Jamaa mmoja wa viti vya nyuma akauliza, "Hii si lugha ya babu zetu?" Tukacheka. Mhadhiri naye akacheka, kisha akatupa swali lililotukalisha mpaka kipindi kikaisha. Una orodha ya watu 50. Unataka kompyuta impitie kila mmoja. Lakini wapo wachache ambao unataka iwaruke, iendelee na wengine. Utafanyaje, maana lugha hii haina amri ya kuruka?

Swali hilo nimekutana nalo tena mwaka huu wa tatu, safari hii likiwa na majina ya watoto. Ndiyo maana naandika. Makala hii ni ya programu, lakini kama humpendi kompyuta usifunge ukurasa, kwa sababu inakuhusu ukishika chaki.

Tuanze na babu mwenyewe. BASIC ilizaliwa mwaka 1964 katika chuo cha Dartmouth, Marekani. Wazazi wake ni wanahisabati wawili, John Kemeny na Thomas Kurtz, na programu ya kwanza ilifanya kazi alfajiri ya tarehe 1 Mei mwaka huo. Zama hizo kompyuta ilikuwa ya wanasayansi na mainjinia. Wale wawili walitaka mwanafunzi yeyote, hata wa historia au fasihi, aweze kukaa na kuandika programu yake. Kwa hiyo wakaifanya lugha kuwa na maneno machache sana. Kitanzi, yaani sehemu ya programu inayojirudia, kinafunguliwa kwa FOR na kufungwa kwa NEXT. Basi. Amri ya kusema "huyu mwache, njoo kwa anayefuata" hawakuiweka. Lazima uijenge mwenyewe kwa namba za mistari.

Tuseme unatafuta wastani wa darasa la watu 50. Alama ziko kwenye orodha A, na kila ambaye hakufanya mtihani umemwekea -1. Programu itakuwa hivi:

10 LET J = 0
20 LET W = 0
30 FOR I = 1 TO 50
40 IF A(I) < 0 THEN 70
50 LET J = J + A(I)
60 LET W = W + 1
70 NEXT I
80 PRINT J / W

Kazi yote iko mstari wa 40. Kompyuta ikimkuta mtu mwenye -1, inakwenda moja kwa moja mstari wa 70. Haimjumlishi kwenye J, ambayo ni jumla ya alama, wala haimhesabu kwenye W, ambayo ni idadi ya waliofanya. NEXT inamleta anayefuata na maisha yanaendelea.

Sasa angalia jinsi namba hiyo moja, 70, ilivyobeba mambo. Ukiandika 80 badala yake, kompyuta ikimkuta wa kwanza asiyekuwepo inatoka kabisa kwenye kitanzi. Kama huyo ni wa 7, utapata wastani wa watu sita na wengine wote wamepotea. Kwa lugha ya hapa chuoni, hiyo ni kudisko, tena umedisko na wenzako waliokuwa nyuma yako kwenye foleni.

Ukiandika 30, ni balaa zaidi. Mstari wa 30 ndio unaoanzisha kitanzi, kwa hiyo I inarudi kuwa 1. Kompyuta itajumlisha wale sita wa mwanzo, itamkuta wa 7, itarudi kwa wa 1, itajumlisha tena wale wale sita, itamkuta tena wa 7. Haitamfikia wa 8 mpaka uizime. Yaani kwa sababu mtu mmoja hakuwepo, darasa zima linarudishwa mwanzo kila siku.

Na ukiandika 60, programu itamaliza vizuri kabisa na kukupa jibu. Hilo ndilo kosa baya kuliko yote, kwa sababu halina kelele. Asiyekuwepo hajaingia kwenye jumla, lakini ameingia kwenye idadi. Umemruka kwa mguu mmoja tu. Kihesabu ni sawasawa na kumpa sifuri.

Lugha zilizokuja baadaye ziliona tabu hii. C ya miaka ya 1970 ina neno "continue" kwa kazi hiyo hiyo. Kwenye Visual Basic tulisubiri mpaka toleo la 2005 ndipo ikaja amri ya "Continue For". Lakini ile BASIC iliyofichwa ndani ya Excel, inayotumika kuandika makro, mpaka leo haina. Ukitaka kuruka, unaweka alama juu ya NEXT, unaipa jina, kisha unaandika GoTo na jina hilo. Mimi yangu huwa naiita "Ruka". Wapo wasioipenda GoTo tangu Edsger Dijkstra alipoandika barua yake maarufu ya kuipinga mwaka 1968, na wana hoja, kwa sababu programu yenye GoTo kila kona haisomeki. Watu hao watakwambia geuza sharti: usiseme "asiyekuwepo mruke", sema "aliyekuwepo mfanyie kazi". Jibu ni lile lile.

Hayo yote yangebaki mambo ya darasani kama nisingekwenda mazoezi ya kufundisha.

Nilipangiwa shule moja ya sekondari ya kata. Mwalimu wa taaluma, mzee mwenye heshima zake, aliposikia nasoma TEHAMA alinikabidhi kompyuta ya ofisi ya walimu na faili la Excel la matokeo. Faili lilitengenezwa miaka ya nyuma na mtu ambaye alishahama. Unajaza alama, unabonyeza kitufe, inatoka orodha yenye wastani na nafasi ya kila mtu. Tulijaza jaribio la Hisabati la kidato cha pili, mkondo mmoja wenye wanafunzi 50. Waliofanya walikuwa 45. Watano waliandikwa ABS, kama tunavyoona kwenye matokeo ya taifa. Orodha ikabandikwa ubaoni.

Jumatatu binti mmoja akanifuata nje ya darasa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Vipi, mama anaendeleaje?" Nilijua kuwa alikuwa akimuuguza mama yake hospitali.

"Anaendelea vizuri. Mwalimu, mimi ule mtihani sikuufanya. Sasa nimeufeli vipi?"

Nikaenda kuangalia ubao. Alikuwa ameandikwa sifuri, daraja F, nafasi ya 46 kati ya 50. Wenzake wanne ambao hawakuwepo nao walikuwa wa 46, wote watano wamefungana.

Nilifungua makro jioni ile. Kilikuwa ni kitanzi cha kawaida, FOR mpaka NEXT, kinasoma kila alama kwa amri ya Val, ambayo kazi yake ni kugeuza maandishi kuwa namba. Ukiipa "67" inakupa 67. Ukiipa "ABS" haioni namba yoyote hapo, na wala hailalamiki. Inakupa 0. Kwa hiyo neno lenye maana ya "hakuwepo" lilikuwa linaingia upande mmoja na kutoka upande wa pili likiwa na maana ya "hajui kitu".

Na halikuwaumiza hao watano peke yao. Wale 45 walipata jumla ya alama 2,160, ambayo ni wastani wa 48. Makro iligawanya kwa 50, ikapata 43.2. Kwa madaraja tuliyopimwa nayo sisi kidato cha nne, 48 ni C na 43.2 ni D. Darasa zima lilishushwa daraja, na mwalimu wa Hisabati alikuwa ameshaanza kuulizwa kwa nini somo lake limeshuka.

Nikampelekea mwalimu wa taaluma hesabu hizo, nikamwomba niweke mstari mmoja wa kuwaruka wasiokuwepo. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia, "Kijana wangu, ukiwaruka hawa leo, mtihani ujao nusu ya darasa wataumwa."

Nawaambia ukweli, hoja yake haikuwa ya kupuuza. Katika wale watano alikuwemo mmoja ambaye siku ya mtihani alionekana kijiweni kwa bodaboda na sare zake. Sifuri yake ilikuwa halali. Ukimruka yeye sawa na binti anayemuuguza mama, na hiyo nayo ni dhuluma. Kompyuta haiwezi kuwatofautisha. Ukiiambia iwape sifuri, itawapa wote. Ukiiambia iwaruke, itawaruka wote, na wastani utatoka msafi wa 48, na hakuna atakayejua kuwa kuna watoto watano hawapo kwenye hesabu.

Hapo ndipo nilipoliona tatizo la ile programu yetu ya mwaka wa kwanza. Inahesabu sawa, lakini inaruka kimya kimya. Kinachotakiwa ni hivi: mstari wa 40 usiende 70 moja kwa moja. Upitie kwanza pembeni:

40 IF A(I) < 0 THEN 100

na chini kabisa, baada ya wastani kuchapwa:

90 STOP
100 PRINT "HAYUPO", I
110 GOTO 70
120 END

Kompyuta inamruka katika hesabu, lakini kabla haijaendelea inaandika kuwa amerukwa. Mwisho una vitu viwili mkononi: wastani wa waliofanya, na orodha ya wasiofanya. Wastani ni kazi ya kompyuta, imekwisha. Orodha ni kazi ya mwalimu, ndiyo kwanza inaanza.

Mzee alikubali hilo. Tukaweka karatasi ya pili kwenye faili, majina ya waliorukwa na nafasi tupu ya sababu, ijazwe na mwalimu wa darasa kwa mkono. Watano wale wakafuatiliwa mmoja mmoja. Watatu, akiwemo yule binti, walipewa jaribio lao wiki iliyofuata. Wa kijiweni alibaki na sifuri yake, safari hii imeandikwa na mtu aliyejua kwa nini anaiandika.

Wa tano ndiye sijamsahau. Mwalimu wa darasa alipofungua daftari la mahudhurio alikuta kijana huyo hajafika shuleni tangu wiki ya pili ya muhula. Majaribio yaliyotangulia, yote alikuwa na sifuri. Kwenye karatasi za matokeo alionekana kama mwanafunzi dhaifu sana, na darasa la watu 50 halikosi wa mwisho, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Kama tangu mwanzo lingetoka neno "hayupo" badala ya 0, kuna mtu angeuliza yuko wapi. Namba ya simu ya nyumbani kwao ilikuwa haipatikani. Mpaka namaliza mazoezi, mwalimu wa darasa alikuwa bado anamtafuta kupitia wenzake wa kitongoji kimoja, na mimi sijui alifikia wapi.

Hapa chuoni tunaelewa tofauti hizi vizuri zikituhusu sisi. Aliyeahirisha mwaka kwa ugonjwa hatumwiti aliyedisko. Akirudi anaendelea alipoishia, harudishwi mwaka wa kwanza. Mwenye ruhusa ya kutofanya mtihani hapewi alama ya aliyefanya akashindwa. Tukikosewa hapo, tunajaza ofisi na barua. Mtoto wa kidato cha pili hana wizara ya elimu ya serikali ya wanafunzi ya kumsemea. Ana ubao wa matokeo, na wewe mwalimu.

Kwa hiyo mnaokwenda mazoezi mwaka huu, mkikabidhiwa faili la matokeo, na mtakabidhiwa tu, fanyeni jaribio dogo kabla ya kulitumia. Chukua nakala, weka alama 50 kwa kila mtu, kisha mmoja mwandikie ABS. Bonyeza kitufe. Kama wastani umeshuka chini ya 50, faili lako linawapa sifuri wasiokuwepo. Kama umebaki 50, angalia kama kuna mahali popote jina la yule mmoja limeandikwa pembeni. Kama halipo, chukua karatasi uliandike mwenyewe, halafu kaulize alikuwa wapi.