Gita Lililohamia Kitwe

Ukiwauliza watu wa rika langu Shinyanga kuhusu muziki wa miaka ya 70, watakutajia Shinyanga Jazz, kisha watavuka kwa majirani zetu wa Tabora na kukuhesabia Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids. Sunburst hawatajwi. Hata Dar es Salaam, bendi hiyo ilikoanzia mwaka 1970, wanaoikumbuka ni wachache. Kwangu mimi hakuna bendi ya nchi hii tuliyoidhulumu kwa kuisahau kama hii.

Nimekulia Mwadui, ndani ya uzio wa mgodi wa almasi ulioanzishwa na John Williamson mwaka 1940. Baba alikuwa fundi wa karakana. Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi mzee wa Kinyakyusa aliyewahi kufanya kazi kwenye migodi ya shaba ya Zambia, akarudi na sanduku la bati lililojaa santuri. Jumapili mchana, wakati nyumba nyingine zinasikiliza dansi ya Radio Tanzania, kwake kulisikika kitu kingine kabisa. Gita lilikwaruza na kunguruma, likapanda juu na kukaa huko hadi ukadhani limesahau kushuka, na mpiga ngoma alipiga kama anayevunja mlango. Mama alikuwa akifunga dirisha. Sisi watoto tulikwenda kukaa barazani kwa mzee. "Shikamoo babu, tuwekee tena ile." "Marahaba. Mmekula lakini?" Halafu anaiweka, hata kama hatujala.

Zile zilikuwa santuri za vijana wa Zambia, wale ambao muziki wao siku hizi dunia inauita Zamrock. WITCH, bendi ya Emmanuel Jagari Chanda, ndiyo iliyosikika mbali zaidi. Rikki Ililonga na kundi lake la Musi-O-Tunya walifika hadi Nairobi na kurekodi huko. Walikuwa wamesikiliza Jimi Hendrix na Deep Purple, lakini walichokipiga kilikuwa cha kwao. Na walikuwa na bahati mbili. Ya kwanza ni mshahara wa shaba: kijana wa Kitwe, mji wa migodi ya shaba, aliyeajiriwa mgodini aliweza kununua santuri, na mwenye ukumbi aliweza kununua magita na vipaza sauti. Ya pili ni amri ya Rais Kaunda kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Zambia. Amri ile haikuuliza muziki uwe wa namna gani, kwa hiyo hata gita la kunguruma lilipita.

Kwetu hali ilikuwa nyingine. Mwaka 1969 Umoja wa Vijana wa TANU uliendesha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na mwaka huohuo muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Mwaka uliofuata Sunburst wakaanza. James Mpungo aliimba, Hembi Flory Kongo, aliyetoka Kongo, alipiga gita, nao wakachanganya roki, soul na midundo ya Kiafrika katika mji uliokuwa ukitazama mambo hayo kwa jicho la shaka. Mimi nauheshimu ujasiri huo kuliko ufundi wao, ingawa ufundi nao haukuwa haba. Lakini bendi haili ujasiri. Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri. Radio Tanzania ilirekodi bendi kwenye kanda, na kanda zikabaki kabatini. Sunburst wakaenda Zambia, na albamu yao pekee, Ave Africa, ilitolewa mwaka 1976 na Music Parlour ya Kitwe. Muda mfupi baadaye bendi ikavunjika.

Nimekaa Geita sehemu kubwa ya utu uzima wangu, na kila nikiwaza habari hii nakwama kwenye mwaka 1966. Ndio mwaka ambao mgodi wa zamani wa dhahabu wa Geita ulifungwa, baada ya kufanya kazi tangu 1936. Kwa hiyo katika miaka ileile ambayo Kitwe ilikuwa na mishahara na magita, Geita ilikuwa na pamba. Mwadui ilikuwa na mishahara, ni kweli, ila ilikuwa ndani ya uzio, na burudani yake ilikuwa ya ndani ya uzio. Sioni sababu nyingine ya maana iliyotunyima roki yetu. Masikio tulikuwa nayo. Sisi watoto wa ile baraza ni mashahidi.

Dhahabu iliporudi, muziki ulikuwa umeshabadilika. Kwenye rashi za dhahabu za miaka ya 80 na 90 hakuna aliyebeba bendi. Watu walibeba sururu, karai na redio ya kaseti. Nyarugusu, huku Geita, nilikuta maduara ya wachimbaji yamezungukwa na mabanda ya bia, kila banda na jenereta lake, na kaseti za Kikongo zikishindana na kelele za karasha za kusagia mawe. Mgodi mkubwa wa Geita ulipoanza uzalishaji mwaka 2000, na Bulyanhulu mwaka uliofuata, mishahara ilirudi kweli, lakini ikakuta disko na Bongo Fleva. Kumbi za kupigia vyombo hazikujengwa tena.

Sunburst nilikutana nao kupitia simu ya mpwa wangu anayeuza vipuri Katoro. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ilitoa upya Ave Africa pamoja na rekodi zao za tangu 1973, na kijana akazipata mtandaoni akitafuta kitu kingine kabisa. "Mjomba, hawa wanaimba Kiswahili," akaniambia, "halafu sikiliza gita." Nilisikiliza nimesimama dukani mpaka mwisho. Lilikuwa gita la barazani Mwadui, na safari hii sauti iliyoimba juu yake ilikuwa ya nyumbani.

Zambia nao walipitia giza lao. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 70, kisha UKIMWI ukawamaliza wengi wa wanamuziki wale. Jagari Chanda aliingia machimboni kuchimba vito. Habari hiyo iliniingia moyoni, maana watu wa Geita tunajua maana ya mtu mzima kushuka shimoni kutafuta jiwe ambalo huenda halipo. Lakini watu walimfuata hukohuko. Alitengenezewa filamu mwaka 2019, akazunguka Ulaya na Marekani, na mwaka 2023 WITCH wakatoa albamu mpya, Zango. Sunburst walipata toleo la London. Hapa nyumbani sijasikia redio ikiwapiga hata usiku wa manane.

Mpwa wangu sasa ananunua gita. Anampenda Bhudagala na Nelemi Mbasando, waimbaji wetu wa Kisukuma wanaojaza viwanja huku kwetu, na anataka kuweka ngurumo ya Hembi Flory Kongo chini ya mwendo ule wa Kisukuma. Amenunua kidude cha kukanyaga kwa mguu, kile kinachofanya gita likwaruze, kwa pesa aliyokuwa ameitenga kwa ajili ya pikipiki. Mama yake amekasirika. Mimi nimemwambia nitamwongezea ya kipaza sauti.