Taa ya Manjano katika Njia ya Kabale

Barabara itokayo Kampala kuelekea kusini-magharibi hadi Kabale ina urefu wa zaidi ya kilomita 400, na kwa jamaa wengi wa Kigezi walio kazini mjini ndiyo njia ya kwenda likizo. Zamani msafiri alijua tairi limepungua upepo kwa kulipiga teke, au kwa kuona usukani ukivuta upande mmoja. Siku hizi magari mengi yana taa ndogo ya manjano mbele ya dereva, yenye umbo la tairi lililokatwa na alama ya mshangao katikati. Katika njia hii taa hiyo aghalabu huwaka mahali pasipotazamiwa, nayo husababisha mabishano mengi ndani ya gari.

Safari huanza kwa wepesi. Baada ya Mpigi huonekana ngoma za Mpambire zimepangwa kando ya barabara, ndogo na kubwa, kisha Kayabwe, ambako abiria hushuka kupiga picha kwenye mstari wa Ikweta. Mbele yake ndiyo Lwera, kinamasi kipana kinachopakana na Ziwa Victoria. Mto Katonga uko karibu, ambao daraja lake liliharibiwa na mafuriko Mei 2023 hata magari yakalazimika kuzunguka kupitia Gomba na Sembabule. Lukaya, ng'ambo ya kinamasi, ni mji ambao askari wa umri mkubwa wanaukumbuka kwa mapigano ya Machi 1979. Vijana wanaujua kwa nyama ya kuchoma.

Katika Lwera barabara ni tambarare, imenyooka, na madereva hukanyaga mafuta. Hapo ndipo tairi lenye upepo haba linapoteseka. Ubavu wake hujikunja na kujikunjua kila linapozunguka, joto huongezeka ndani yake, nyuzi huachana, na mwisho hupasuka bila onyo. Ni kwa sababu ya ajali za namna hiyo kwamba Marekani ilipitisha sheria mwaka 2000, na kufikia Septemba 2007 kila gari dogo jipya lililouzwa huko lilipaswa kuwa na mtambo wa kumwonya dereva upepo unapopungua kwa robo ya kiasi kinachotakiwa. Ulaya ilifuata, na tangu Novemba 2014 kila gari jipya la abiria huko lina mtambo huo. Magari hayo yakizeeka, baadhi yake hufika kwetu.

Masaka, Lyantonde na Mbarara hupita, pamoja na punda milia wa Ziwa Mburo na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu. Baada ya Ntungamo milima huanza. Kampala iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi; Kabale inakaribia mita 2,000, na alfajiri yake humfanya mgeni atafute koti. Sasa tazama kinachotokea. Dereva alijaza upepo Kampala mchana, matairi yakiwa ya moto kutokana na mwendo, na kipimo kikasoma pauni 33. Hewa iliyopoa hupoteza nguvu: kila joto linaposhuka nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, tairi hupungukiwa na takriban pauni moja. Mwinuko wa Kabale hurudisha kama pauni moja tu. Gari likilala nje kwenye baridi, asubuhi kipimo hicho hicho chaweza kusoma 28, na kama palikuwa na msumari mdogo, chini ya hapo. Familia imekwisha kupanda, watoto wamefunikwa mablanketi, na taa inawaka.

Hapo ndipo kosa kubwa hufanyika. Mtu mmoja atasema kuna kitufe cha kuizima, na kwa kweli magari mengi yanacho, chini ya usukani au ndani ya kisanduku cha mbele ya abiria. Lakini kitufe hicho hakijazi upepo. Iko mitambo isiyopima upepo wenyewe. Husikiliza mzunguko wa magurudumu, kwa kuwa tairi lililolegea huwa na kimo kifupi na huzunguka haraka kuliko wenzake. Ukikibonyeza kabla ya kujaza, mtambo hujifunza kwamba upungufu ule ndio hali njema. Ni sawa na kumwambia mlinzi wa lango kwamba mwizi ni mwenyeji.

Utaratibu ulio salama ni mfupi. Matairi yapimwe yakiwa baridi, kabla ya kusafiri, na yajazwe kwa kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, si kwa kukisia. Kisha ufunguo uwashwe gari likiwa limesimama, na kitufe kishikwe mpaka taa ipepese, mara nyingi mara tatu. Gari lisilo na kitufe huwa na orodha kwenye kioo chake, au hujirekebisha lenyewe baada ya kuendeshwa kidogo. Taa ikipepesa kwa dakika nzima kila gari linapowashwa, kisha ikabaki imewaka, shida kwa kawaida si upepo. Ni mtambo wenyewe, pengine kipimo cha ndani ya gurudumu ambacho betri yake imekwisha. Betri hizo hudumu takriban miaka 5 hadi 10.

Kurudi kuna jambo lake. Hakuna aondokaye Kabale bila gunia la viazi, na wengine hupakia matatu. Karatasi ile ya mlangoni mara nyingi ina hesabu mbili, ya gari tupu na ya gari lililojaa, na ile ya pili huwa kubwa, hasa kwa matairi ya nyuma. Basi matairi hujazwa tena kituo cha mafuta cha Kabale, asubuhi kabla jua halijapanda, mtambo huwekwa upya kwa kiasi hicho, ndipo gari huanza kuteremka Muhanga.