Uzi wa Fedha na Njia ya Tabora

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili. Fedha ni madini meupe yafuliwayo yakawa kikuku, na fedha ndiyo inunuayo kikuku hicho. Sisi tunaofasiri hulazimika kuchagua maana moja na kuiacha ya pili, ilhali katika historia ya pwani yetu maana hizi hazikuwa mbali hata kidogo. Mfua fedha wa Unguja wa karne ya 19 hakuwa na machimbo. Alichukua sarafu, akaiyeyusha, akaifanya pambo.

Sarafu yenyewe aghalabu ilikuwa riale ya Sham, yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, lakini riale yake iliendelea kupigwa baada ya hapo ikiwa na mwaka ule ule, hata ikawa sarafu isiyozeeka. Uzito wake ni gramu 28 na kidogo, na katika kila sehemu 1,000 sehemu 833 ni fedha safi. Mafundi wa Omani na wa visiwani waliiamini kwa sababu haikubadilika. Aliyeyusha kumi leo, na kumi za mwakani, alijua atakachokipata.

Katika mbinu zote za ufundi huu, niipendayo zaidi ni kuvuta uzi. Riale hutiwa katika kalibu, juu ya makaa yanayovuviwa. Ikiyeyuka humiminwa katika mfereji mwembamba, ikatoka kijiti. Kijiti hufuliwa juu ya fuawe kwa nyundo. Fedha ikipigwa sana hukakamaa na kutaka kupasuka, kwa hiyo fundi huirudisha motoni mpaka ianze kuwa nyekundu, akaipoza, nayo hulainika upya. Ndipo kinapokuja chamburo: bamba la chuma kigumu lenye safu ya matundu, kila tundu dogo kuliko lililotangulia. Ncha ya kijiti huchongwa kwa tupa, hupenyezwa tunduni, hukamatwa kwa koleo na kuvutwa. Kisha tundu la pili, na la tatu, na moto tena, na tundu la nne. Hakuna kinachopotea katika kazi hii. Unene unaopungua hugeuka urefu.

Mshairi akitazama kazi hiyo hujiona mwenyewe. Mizani nayo ni chamburo. Wazo nene huingizwa katika tundu la silabi nane, likagoma, likarudishwa motoni, likavutwa tena, mpaka litoke jembamba na refu kuliko lilivyoingia.

Uzi ukishapatikana, mengine yote huwa mepesi. Nyuzi mbili husokotwa pamoja zikawa kama kamba. Uzi uliobapwa hukunjwa maua. Vipande vidogo vikipashwa moto mkali juu ya kaa hujikunja vyenyewe vikawa vitone vya mviringo. Vyote hushikizwa kwa lihamu, ambayo ni fedha iliyochanganywa na shaba ili iyeyuke kabla ya pambo lenyewe. Walakini, bila chamburo hakuna uzi, na bila uzi hakuna ua wala kamba.

Sasa nauomba msomaji wa visiwani avuke bahari pamoja nami, ashike njia ya Bagamoyo, apande mpaka Tabora. Siku hizi safari ni ya treni, iliyofika mji huo mwaka 1912. Zamani ilikuwa ya miguu na ya miezi. Burton na Speke walipofika hapo Novemba 1857, katika makao yaliyoitwa Kaze, waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wamekwisha kujenga tembe zao na kuketi. Mizigo iliyopanda kutoka pwani ilikuwa marekani na kaniki, ushanga wa rangi nyingi, na masango, yaani nyaya nene za shaba. Iliyoshuka ilikuwa pembe za ndovu, na watu. Riale kwa sehemu kubwa ilibaki pwani, ikingojea hesabu.

Tumezoea, sisi wa pwani, kusema kwamba ufundi ulipanda njia hiyo pamoja na misafara, bara likapokea. Masango yanatukanusha. Mnyamwezi hakuyavaa vivi hivi kama yalivyotoka mzigoni. Mafundi wa huko walikuwa na mabamba yao ya matundu, na waliuvuta waya huo ukazidi kuwa mwembamba, tundu baada ya tundu, kama afanyavyo mfua fedha wetu. Kisha waliuzungusha juu ya unywele wa mkia wa ng'ombe au wa twiga, ukawa sambo: kikuku chembamba, chepesi, kinachonyumbuka, ambacho mtu aliweza kukivaa kwa makumi katika kifundo cha mguu. Majirani zao Wasumbwa waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyopita kama fedha katika nchi nyingi za magharibi. Msiri, aliyetoka huko huko, aliifuata shaba ya Katanga, akasimamisha dola Bunkeya, na akauawa mwaka 1891. Bara hilo lilikuwa limekwisha kuzoeana na moto na koleo. Kilichokutana Tabora kilikuwa mkono na mkono.

Mbinu ya pili niipendayo ni ya mkufu, na hiyo ndiyo initiayo uzito moyoni. Uzi huzungushwa juu ya kijiti, hukatwa ukawa pete nyingi, kila pete hupenyezwa katika mwenzake na kufungwa kwa lihamu. Ni kazi nyepesi kueleza na ngumu kuimaliza. Lakini katika njia ya Tabora pete ndani ya pete ilikuwa pia mnyororo wa chuma, na ulivaliwa shingoni. Si kila aliyeipita njia ile alifungwa: maelfu ya wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliopatana ujira wao na kuutembelea kwa mabega yao. Nyuma yao, hata hivyo, walikuwapo waliofungwa pamoja, na mwisho wa safari yao ulikuwa soko. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Kabla ya hapo mtu alihesabiwa kwa riale, na riale, kama tulivyoona, iliweza kuishia katika kalibu. Kalibu hutenga taka na fedha. Haina uwezo wa kututenga sisi na hesabu ile.

Ubeti huu niliuandika Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, ilipo tembe aliyokaa Livingstone mwaka 1872 na ambayo sasa ni makumbusho:

Pete huingia ndani, ya pete iliyopashwa,
Mkufu wa kifuani, bibi arusi huvishwa,
Mnyororo wa shingoni, watu pwani wakashushwa,
Mtu ndiye aulizwe, fedha haina lawama.

Sisemi kwamba vikuku vya bibi zetu vitupwe. Navipenda, na mkono uliovifua naustahi. Nisemalo ni kwamba tumevipenda kwa nusu. Tunajua majina ya mitali, ya kekee, ya furungu na ya banagiri; jina la sambo wengi wetu hatulijui, ingawa limetoka katika tundu la aina ile ile. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii, na Kwihara ndani yake, katika orodha ya awali ya maeneo inayokusudia kuyapendekeza kwa UNESCO kuwa urithi wa dunia. Hilo ni jambo la serikali. Jambo letu ni dogo zaidi na liko karibu: katika kabati la makumbusho, na katika ubeti, sambo ya shaba iwekwe kando ya kikuku cha fedha, na karatasi ya maelezo itaje riale ilitoka wapi na ilinunua nini kabla ya kuyeyushwa. Atakayesoma ataweza kukivaa kikuku chake kwa fahari, akijua uzito wake wote.