Televisheni Safarini, toka Butembo hata Beni

Sisi makatekista tumezoea kubeba vitu njiani: Katekisimu, vitabu vya nyimbo, kengele, msalaba, na mara nyingine gunia la mihogo tulilopewa na Wakristu. Vitu hivyo havitusumbui. Msalaba wa mti ukianguka, twauokota, twaufuta vumbi, twaendelea na safari. Lakini siku hizi twaombwa kubeba kitu cha namna nyingine, ambacho kikianguka mara moja tu, basi kimekwisha. Twataka kuwaeleza jinsi tulivyojifunza kubeba televisheni, na jinsi tulivyolipa karo ya masomo hayo.

Mwezi wa Desemba 2022 tulipakia televisheni katika Butembo ili kuipeleka kwenye kituo kimoja upande wa Beni. Ilikuwa mali ya mama wajane wa jumuiya yetu. Waliinunua kwa fedha za kabichi na viazi, franga juu ya franga, ili watoto wapate kuona sinema ya maisha ya Yesu wakati wa Noeli. Tulipanda kamyo iliyojaa viazi vya Lubero. Tukailaza televisheni juu ya magunia, uso wake ukitazama mbingu, tukaifunika kwa blanketi, na juu ya blanketi tukaweka mfuko wetu wa nguo. Tuliona kwamba ni kitanda kizuri kabisa. Sisi wenyewe tuliketi kando, mkono mmoja juu yake, kama mama anayemlinda mtoto.

Toka Butembo hata Beni ni kama kilomita 54 tu. Lakini mwenye kuijua njia ile, na mashimo yake wakati wa mvua, hahesabu kwa kilomita. Tulipofika, watoto walikuwa wamengoja tangu adhuhuri. Tukawasha jenereta, tukabonyeza. Sauti ikatoka vizuri. Picha haikutoka. Juu ya kioo palikuwa na mistari myeusi kama utando wa buibui, na katikati doa kubwa, mahali pale pale tulipoweka mfuko wetu na mkono wetu.

Kwanza tuliilaumu barabara. Halafu tukawalaumu waliotengeneza chombo kile. Barabara haikujibu. Aliyejibu ni kijana msaidizi wa shofa, akisema: "Mwalimu, tele hailalake. Inasimamaka." Tukanyamaza, maana tulijua kwamba kijana amesema kweli. Sisi tuliosoma seminarini miaka mingi, tulikuwa hatukumwuliza mtu yeyote kabla ya kupakia.

Kurudi kwa wajane kulikuwa kugumu kuliko safari yenyewe. Mkubwa wao, mama mwenye umri, alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na watoto walipata nini?" Tukajibu kwamba tuliwasimulia habari za Yesu kwa mdomo hata usiku. Akasema: "Basi hawakurudi mikono mitupu. Lakini tele mtalipa, Mwalimu." Tulilipa kidogo kidogo hata Pasaka.

Deni lilikuwa bado bichi ilipotokea haja nyingine. Papa Fransisko alikuwa ameahidi kuja Kongo mwezi wa Julai 2022, afike Kinshasa na Goma pia, lakini goti lilimzuia. Sasa alikuwa anakuja, tangu tarehe 31 Januari hata 3 Februari 2023. Goma haikuwamo tena katika safari kwa sababu ya vita. Watu wa kituo kile walituma habari: "Kama Papa hafiki kwetu, sisi tumwone kwa macho." Mfanyabiashara mmoja wa parokia alikuwa na televisheni. Lakini nani angetupa chombo chake baada ya yaliyotokea? Ndipo yule mama mjane alipokwenda mwenyewe kutuombea. Alisema nini, hatukuambiwa. Tunajua tu kwamba tulipewa.

Safari hii tulikwenda kwanza kwa fundi, tukaketi kama watoto wa Katekisimu. Alitufundisha hivi. Televisheni za zamani, zile nene, zilikuwa na chupa kubwa ya kioo, nazo uzito wao ulikuwa mbele. Hizi za leo ni nyembamba, na kioo chao ni kama jani. Ukizilaza, kioo hakina kitu cha kukishika katikati. Kila gari linaporuka, nacho hupinda, na mwisho huvunjika, hata kama hakikuguswa. Kwa hiyo isimame sikuzote, kama ilivyosimama ukutani. Mguu wake ufunguliwe, ufungwe mbali. Nyaya na kidude cha kubadilishia stesheni visiwekwe karibu na uso. Kama sanduku lake la kwanza lipo pamoja na vipande vyake vyeupe vyepesi, hakuna kitu bora zaidi. Kama halipo, itiwe katika blanketi safi, uso uelekezwe kwenye godoro, na godoro jingine nyuma. Kamba ipite juu ya kingo, isipite kamwe juu ya kioo. Sisi tulitumia vipande vya mpira wa ndani wa tairi, ambavyo hushika bila kukata. Mwisho, isiwekwe nyuma kabisa ya kamyo, ambako mruko ni mkali, bali karibu na kichwa cha gari.

Hata kule Ulaya, watu wanaovuta nyumba ndogo yenye magurudumu nyuma ya gari lao hawaachi televisheni ikining'inia ukutani wakati wa mwendo, kama wana akili. Huishusha na kuifunga vizuri kati ya mito na matandiko, kwa maana mkono wa chuma unaoishika hutikiswa hata misumari hulegea. Na barabara zao ni laini kama meza. Sisi wa Kabasha na Maboya tuseme nini?

Kuna jambo jingine ambalo fundi hakutuambia. Katika njia ya Beni shofa hawezi kuombwa aende polepole. Tangu mwaka 2014 watu wengi wameuawa katika nchi ya Beni, na magari yalishambuliwa katika njia hii hii. Shofa akiona mahali pabaya, hukanyaga mafuta, naye ana haki. Nani atamwambia, "Punguza, tuna televisheni"? Basi mzigo ulipaswa kufungwa kwa namna ya kuvumilia mbio, si kwa namna ya kuomba upole. Tulipatana pia, kabla ya kuondoka, kwamba likitokea neno tutaruka na kuiacha. Mfanyabiashara mwenyewe alisema hivyo: "Tele naweza kununua tena. Mwalimu, hapana."

Tuliondoka asubuhi ya tarehe 31 Januari, magari yakifuatana kama msafara. Kwenye kizuizi kimoja askari alitaka kufungua magodoro aone kilichofichwa ndani. Tulimsalimu, tukamwonyesha barua ya mwenye mali, tukafungua wenyewe polepole. Akauliza ni ya nini. Tukasema: "Ni ya kumwona Papa, shefu." Akatusaidia kukaza mipira tena.

Tulifika mchana. Watu wakapiga vigelegele, wakataka iwashwe saa ile ile, wapate kuona ndege ikitua. Tukakataa. Butembo iko juu, zaidi ya meta 1,700, na asubuhi ni baridi. Kule chini ni joto na unyevu. Kitu chenye baridi kikiingia penye joto hutokwa jasho, kama chupa iliyotoka katika friji, na maji hayo yakikutana na umeme huleta hasara. Tuliifungua, tukaiacha isimame bila waya. Wengine walinung'unika: "Mwalimu huyu ana woga." Ndiyo, tulikuwa na woga; tulikuwa tumeulipia. Ndege ilitua bila sisi kuiona. Lakini jioni televisheni iliwaka, safi, pembe zake zote nne, nasi tukamsikia Baba Mtakatifu akiwaambia wakubwa wa dunia waondoe mikono yao juu ya Kongo na juu ya Afrika.

Kesho yake tulifuata Misa ya Ndolo, ambako zaidi ya watu milioni moja walikusanyika. Baadaye Papa alikutana na watu walioteswa wa mashariki: wa Butembo-Beni, wa Goma, wa Bunia, wa Bukavu na Uvira. Watu hao waliweka chini ya msalaba mifano ya vyombo vilivyowaumiza, na panga mojawapo. Katika kanisa letu dogo hapakusikika hata kikohozi. Mbele kabisa aliketi bibi mmoja asiyeweza kutembea. Wajukuu wake walimleta juu ya chukudu. Mtoto wake aliuawa shambani. Papa alipokwisha kusema, bibi akatuambia kwa sauti ndogo: "Kumbe ametusikia."

Tulimkumbuka hapo Mtakatifu Klara wa Assisi. Alikuwa mgonjwa usiku wa Noeli, hakuweza kwenda kanisani na masista wenzake, naye Mungu akamjalia kuiona Misa ile pale pale kitandani. Kwa sababu hiyo Papa Pius XII alimfanya mwaka 1958 kuwa msimamizi wa televisheni. Zamani tuliposoma habari hiyo tulitabasamu kidogo. Hatutabasamu tena.

Televisheni tuliirudisha Butembo kwa namna ile ile, imesimama. Mwenyewe aliiwasha mbele yetu, akaitazama, akasema: "Mkiihitaji tena, njoni." Tulipita kwa mama mjane kumpa habari, na kumpa franga za mwezi ule. Akazihesabu mbele yetu, hakusamehe hata moja, kisha akatupa viazi vya kupeleka nyumbani.

Ndugu makatekista, tunabeba mali ya watu, na pamoja nayo tumaini lao. Kabla ya kupakia, tuulize anayejua, hata kama ni kijana wa kamyo. Na tukivunja, tusiilaumu barabara. Mungu awalinde wote wanaopita katika njia ya Beni.